Drifta ya naironi niliyoshonesha Mji wa Kale, baada ya miezi saba baharini

Nianze na jawabu kabisa ili asiye na muda ajiendee zake: ukiwa na boti ndogo ya matanga hapa Mombasa na pesa uliyonayo ni ya tanga moja tu, shonesha drifta ya naironi nyepesi, yaani tanga la mbele la upepo mdogo; jenoa, lile tanga la mbele kubwa na zito, iache kwanza. Mimi nlianza kinyume, nikanunua jenoa, nikahangaika nayo msimu mzima, ndo nikaja kushonesha hii drifta kwa fundi mmoja mzee wa matanga ya majahazi pale Mji wa Kale, na sai ni miezi saba niko nayo baharini karibu kila wikendi, kwa hivyo haya nayosema nimeyapima mwenyewe.

Boti yangu ni ya fibaglasi, futi 22, mlingoti mmoja, tanga kuu na tanga la mbele, inalala nangani upande wa Mkomani mkabala na Bandari ya Kale. Kutoka deki mpaka pale jarari ya mbele, kamba ya kutwekea tanga, inapopita juu ni mita 7.5, na kutoka mlingotini mpaka waya wa mbele unapofungwa pale omo, ncha ya mbele ya boti, ni mita 2.4. Hizo namba mbili zishike, manake tanga la mbele linapimwa kwa hizo, halipimwi kwa urefu wa boti. Watu wengi wanauliza "tanga la boti ya futi 22 ni bei gani" na hapo ndo makosa yanapoanza, boti mbili za futi 22 zaweza kuwa na milingoti tofauti kabisa.

Sasa upepo wetu. Kusi ikishika au kaskazi ikishika hakuna wa kulia hapa, tanga lolote linakupeleka. Shida ni ile misimu ya katikati, na wazee walipoiita tanga mbili walijua wanasema nini. Machi kuingia Aprili, halafu Oktoba mpaka Novemba hivi, asubuhi unapata kaumande kidogo, upepo mwepesi wa kutoka bara, saa nne saa tano shwari, bahari kama mafuta, saa saba hivi upepo wa nje unaanza kuja noti 4, noti 5 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na hauamui mpaka alasiri. Na juu ya hayo mawimbi marefu ya msimu uliopita yanakuwa hayajalala bado, yaani upepo hakuna lakini boti inayumba huku na huku, na kila ikiyumba tanga linamwaga ule upepo kidogo liliokuwa nao. Kisha kuna mkondo, pwani yetu mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima, kwa hivyo kwenda Mtwapa ni raha, kurudi ndo mtihani.

Mtihani wenyewe niliuona mwaka jana Novemba. Nilitoka Mtwapa na ndugu yangu mdogo saa saba mchana, kutoka mlango wa Mtwapa mpaka huku kwetu ni kama maili 8 za baharini, upepo wa mashariki noti 5, ubavuni kabisa, hapo mtu angetegemea afike mapema. Nikafungua jenoa yote. Basi ile nguo ikaning'inia tu. Boti ikiyumba kulia tanga linaenda nje, ikirudi kushoto tanga linarudi na kugonga nyaya za mlingoti, pa, pa, pa, hivyo hivyo masaa mazima, majini tunakwenda noti moja na kitu na mkondo unairudisha karibu yote. Jua linatua tuko bado mkabala na Bamburi. Tukawasha mashine na petroli ilikuwa ndogo, wallahi ile saa moja ya mwisho sikuipenda hata kidogo, giza, miamba upande wa kulia, na mimi nasikiliza mashine kama inapumua vizuri.

Hio jenoa nilinunua kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo, imetumika, alisema ni tanga la upepo mdogo. Kwa nini la upepo mdogo? Kwa sababu ni kubwa, basi. Nilipokuja kuichunguza, nguo yake ni poliesta ya gramu 250 hivi kwa kila mita mraba, na ukingo wa nyuma na wa chini umeshonewa kile kitambaa kingine cha kukinga jua, uzito juu ya uzito. Niliikunja nikaenda nayo kwa muuza samaki nikaiweka kwenye mizani, kilo 6.2. Na hii drifta, nimeipima mizani hio hio, kilo 1.7.

Hapo ndo pana siri yote ya upepo mdogo na ningependa mtu akae nayo kidogo. Nguvu ya upepo kwenye tanga haipandi sawasawa na mwendo wa upepo, inapanda kwa mraba wake, upepo wa noti 8 unasukuma mara nne ya upepo wa noti 4, si mara mbili. Kwa hivyo ukishuka mpaka noti 4 nguvu iliyobaki ni robo, na hio robo ndo hio hio itumike kwanza kuinua nguo, kuijaza, kuipa umbo, kabla hata boti haijasonga. Nguo nzito inakula nguvu yote kujibeba yenyewe. Jenoa yangu ina karibu mita mraba 14, drifta ina 12 na nusu hivi, ndogo! na bado noti 5 drifta inaiacha jenoa mbali. Kwa hivyo ukiona mtu anasema ongeza ukubwa tu, muulize nguo ina gramu ngapi.

Nilifikiria mengine pia kabla ya kuamua. Spinaka isiyo linganifu, tanga lile jepesi la tumbo kubwa linalofungwa omo, ni nzuri sana ukienda na upepo nyuma, lakini ukija kutoka Mtwapa upepo uko ubavuni na ukisogea mbele kidogo tu ile inakunjika. Kodi ziro, tanga jingine jepesi la upepo mdogo, ndo kila mtu anataka sai, lakini ile ili ifanye kazi ukingo wake wa mbele lazima uvutwe kwa nguvu nyingi sana, unahitaji mti wa kutoka nje ya omo, jarari isiyovutika hata kidogo na roli yake maalum ya kulikunjia tanga, kwa boti ya futi 22 ya mwenye mshahara sioni sababu. Drifta inakwenda kuanzia pale unapobisha, yaani unapoukabili upepo kwa pembe, bila kukaza sana mpaka upepo unakaribia nyuma. Kwa mtu wa tanga moja hio inatosha.

Nguo nilipata kwa bahati. Kuna mtu wa yoti alikuwa anapita hapa akauza spinaka yake kuukuu, ya boti kubwa, rangi ya chungwa na nyeupe, naironi ya wakia moja na nusu. Wakia ya washona matanga si ile ya dukani, wao wanahesabu uzito wa kipande cha inchi 28 na nusu kwa inchi 36, ndo maana wakia moja na nusu inatoka kama gramu 64 kwa mita mraba. Ukinunua nguo iliyotumika hivi ipime: weka mdomo upulize, pumzi ikipita kwa urahisi iache, halafu shika ukingoni uvute kwa vidole gumba viwili, naironi iliyoliwa na jua inachanika kama karatasi. Hii ilikuwa na sehemu mbili mbovu karibu na kichwa tukazikata nje.

Fundi sasa. Sitamtaja jina manake hakuniomba nimtangaze, ila watu wa bandarini wanamjua, baraza yake haiko mbali na soko la samaki. Maisha yake ni matanga ya jahazi, nguo nzito, sindano nene, na dasi, zile kamba za ukingoni mwa tanga, anazishona kwa mkono. Nilipomtandikia ile naironi akaishika akaiweka juu akatazama jua kupitia ndani yake. Akaniambia, "Mwanangu, hini nguo mbona nyepesi hivi, hili tanga ama leso?" Nikamwambia mzee, nataka tanga la shwari. Akanyamaza, halafu akaanza kunieleza jinsi majahazi yalivyokuwa na tanga kubwa na tanga dogo, na nahodha alijua lini atweke lipi, na yale makubwa walikuwa wanataka nguo ya marekani, ile pamba iliyoitwa hivyo kwa sababu ilikuja na meli kutoka Marekani. Yaani alinielewa kabla sijamaliza. Hapo nikajua niko mahali pazuri.

Vipimo tulikubaliana hivi: ukingo wa mbele, upande wa joshi, mita 7.2, ili juu ibaki nafasi ya kapi na chini niweze kuliinua kidogo. Kutoka pembe ya demani, ile ya nyuma inapofungwa kamba ya kuvutia tanga, ukipiga mstari mraba mpaka ukingo wa mbele, mita 3.5, ambayo ni kama mara moja na nusu ya ile 2.4 niliyosema mwanzo. Pembe ya demani tukaipandisha juu kuliko ya jenoa, kama usawa wa kiuno, nione chini ya tanga (pale mlango wa bandari kuna mitumbwi ya wavuvi kila saa) na pia ili nisilazimike kuhamisha kapi la demani kila nikigeuza mwelekeo.

Kazi yake, nitasema ukweli, nzuri na mbaya. Aliahidi wiki mbili, ilichukua tano. Vipande viwili vya kwanza alivishona kwa sindano yake ya jahazi na mshono wa kunyooka, matundu makubwa, na naironi inavutika lakini mshono wa kunyooka hauvutiki, ungekatika upepo wa kwanza. Nikamuomba kwa adabu, nikamletea sindano ndogo namba 90 na uzi wa poliesta, tukabandika vipande kwa gamu ya pande mbili kwanza manake ile nguo inateleza kama sabuni, akashona zigizagi. Hakunitoza kwa kurudia, na hakukasirika. La pili, pembe ya demani aliweka pete ya shaba nzito na turubai tabaka tano, kwa jahazi hivyo ndo sawa kabisa, lakini kwa upepo mdogo pembe ikiwa nzito inavuta tanga chini na umbo linakufa. Akaitoa akatia kitanzi cha mkanda. Lakini ile dasi ya ukingo wa mbele, jamani! Alitia kamba nyembamba ya dainima, ile isiyovutika, ya milimita 4 ndani ya pindo na akaifunga juu na chini kwa mkono, mishono midogo sawasawa, ukiikaza inanyooka kama msumari. Sijaona mashine inayofanya hivyo. Ufundi shilingi 18,000, nguo 9,000, kamba na vitu vidogo 4,500. Jenoa peke yake na usafiri ilinitoka 65,000.

Kuifunga sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu tanga zuri likifungwa vibaya ni sawa na kutokuwa nalo. Waya wangu wa mbele umeshikwa na roli ya jenoa, kwa hivyo drifta inasimama mbele yake, peke yake, haishiki waya. Chini nimefunga kitanzi cha kamba pale omo mbele ya roli, na kati ya kitanzi na tanga nimeacha kamba ya kama sentimita 30 inayolegezwa na kukazwa. Juu inahitaji jarari yake yenye kapi lililo juu ya waya wa mbele, mwanzo nilitumia jarari ya zamani iliyotoka chini ya waya, siku mbili tu kamba ikaanza kutoa nyuzi kwa kusugua. Nikapanda juu nikafunga kapi dogo jipya.

Demani usitumie zile nene za jenoa. Kamba ya milimita 12 ikilowa ni kama umening'iniza mfuko wa sukari kwenye pembe ya tanga. Mimi natumia polipropilini ya milimita 6, inaelea, hainywi maji, na nimeifunga kwa fundo, bila shekeli, bila chuma chochote. Mikono inauma kidogo upepo ukiongezeka lakini hapo ushafika wakati wa kuitua. Demani inapita nje ya nyaya zote za mlingoti mpaka kwenye kapi nyuma karibu na tezi. Mara ya kwanza kapi nililiweka mbele sana, ukingo wa nyuma ukajikunja kama kiganja na boti ikawa inakwenda ubavu kama kaa, nikalirudisha nyuma kama sentimita 40 na papo hapo ikafunguka. Kujua pa kuliweka, bandika vijiuzi vya sufi karibu na ukingo wa mbele, juu, katikati na chini. Pandisha boti kwenye upepo taratibu, kijiuzi cha juu kikianza kucheza kabla ya wenzake sogeza kapi mbele, cha chini kikianza sogeza nyuma, vyote vikicheza pamoja uko sawa.

Halafu jarari usiikaze kama gitaa. Noti 3 au 4 acha ukingo wa mbele uwe na mikunjo midogo midogo, tanga linataka tumbo. Ukianza kubisha ndo ukaze kidogo. Na watu: waketi mbele, na waketi upande wa demani, upande unaoinamia. Boti ikilala kidogo upande huo tanga linaanguka lenyewe kwenye umbo lake hata upepo ukikatika, na nyuma inatoka majini. Na wasitembee tembee. Mtu mmoja akiruka kutoka mbele kwenda nyuma kuchukua soda anautikisa upepo wote ukamwagika, nimeshaona noti 2.5 inashuka mpaka moja kwa ajili ya soda.

Kugeuka ndo tabu yake kubwa. Kwa vile iko mbele ya waya, ukigeuza kwa kupitisha omo kwenye upepo lazima tanga lipite kwenye kinafasi kidogo kati ya ukingo wake wa mbele na roli, na linakwama. Mimi napeleka omo mbali na upepo, napindua kwa nyuma, demani ya pili inapita mbele kabisa nje ya tanga. Unapoteza umbali kidogo lakini haligombani. Anayebisha kwenye mkono mwembamba kama Tudor kila dakika mbili atachoka, huko bora jenoa ama tanga kuu peke yake.

Na mwisho wake ujue mapema. Naironi inavutika, upepo ukizidi inageuka mfuko. Mimi mawimbi yakianza kutoa povu jeupe hapa na pale natua, sisubiri. Peleka boti na upepo nyuma ili drifta ijifiche kwenye kivuli cha tanga kuu, mmoja analegeza jarari, mwingine anakusanya nguo kutoka ukingo wa chini moja kwa moja mpaka kwenye mfuko. Siku moja Julai nilichelewa, kusi ikanipiga noti 14 hapo nje ya Lighthouse, tulipambana nayo dakika kumi na mshono wa ukingo wa nyuma ukaachia kiganja kizima. Fundi akaurudia kwa shilingi 500. Ukirudi isuuze kwa maji matamu, yasiyo na chumvi, mimi nanunua mtungi mmoja wa mkokoteni na unatosha manake nguo yenyewe haina kiu, kisha ianike kivulini. Jua ndo linaiua.

Basi Oktoba hii nikarudia safari ile ile. Mtwapa saa saba, upepo wa nje noti 4 kufika 5, wimbi refu lile lile, ndugu yangu yule yule. Tukatweka. Ikajaa kabla sijamaliza kufunga jarari. Boti ikiyumba drifta inapumua kidogo na kurudi, haigongi, kimya kabisa unasikia maji tu ubavuni. Majini noti 3, wakati mwingine 3 na nusu, mkondo ukachukua kama noti moja yake. Bamburi tukaipita mapema mno nikawa naangalia saa mara mbili. Tukafika mlango wa bandari maji yanajaa, nilikuwa nimepanga hivyo manake siku zile ni bamvua na maji ya kupwa pale yanatoka kwa kasi, hakuna drifta ya kushindana nayo. Tukapita mbele ya Fort Jesus jua lingali juu, tanga la chungwa limejaa, watoto wa Mji wa Kale wanatupigia mayowe kutoka ukutani. Mashine hatukuigusa mpaka kutia nanga.

Jumapili iliyopita nikamchukua fundi mwenyewe, alikuwa hajawahi kuliona likiwa juu. Alikaa upande wa demani, kanzu ameikunja magotini, hakusema kitu muda mrefu, anatazama tu juu jua linavyopita kwenye mishono yake. Halafu akanyoosha kidole karibu na kichwa cha tanga. "Pale," akasema, "ule mshono wa tatu umevuta. Niletee Jumatatu niurudie." Mimi nimeutazama sana sikuona kitu. Nimempelekea jana.